Jiwe Lililolala Kifudifudi

Dakta Rwechungura halali mchana. Kulala mchana ni kazi ya wasio na kazi. Yeye hufumba macho tu, tena hufumba kwa sababu kilicho mbele yake hakistahili kutazamwa. Kilicho mbele yake saa saba hii ni kilima cha Nyakirongo, kilima kifupi chenye kipara, mbuzi watatu na jua. Ni akina mama watano wanaogonga kokoto hatua thelathini hivi kutoka alipo, nyuso zao zimefungwa khanga mpaka chini ya macho kwa ajili ya vumbi la mawe. Na ni gari la ofisi lililoegemea upande mmoja, kwa sababu tairi limepasuka na dereva wake, Masaba, amelipakia kwenye bodaboda kwenda senta kuziba pancha. Dakta amemwambia Masaba kwamba dereva mwenye akili husafiri na tairi la akiba. Masaba amejibu ndiyo bosi, wala hakumkumbusha kwamba la akiba lilifungwa mwezi jana kwenye gari la shemeji yake Dakta, kwa amri ya Dakta. Kwa hiyo Dakta anasubiri, na mahali pekee pa kujinyoosha bila kuchafua suruali iliyopigwa pasi ya mstari ni juu ya jiwe moja bapa, pana kama kitanda, lililo kwenye kivuli cha mti na linalonuka udaga, maana wanawake wa hapa huanika mihogo yao juu yake. Amepangusa unga wa muhogo kwa gazeti, ametandika gazeti lingine, amelala chali. Mfuko wa shati, upande wa moyo, una barua.

Barua ndiyo safari yenyewe. Ina aya mbili na nafasi ya sahihi, na inasema kwamba mtaalamu amekikagua kilima cha Nyakirongo na mawe yake, hakuona chochote cha kuhifadhiwa, na hana pingamizi. Injinia wa barabara anaisubiri mpaka saa kumi. Akiipata, kesho asubuhi mtambo wa kusaga mawe unapanda, na baada ya wiki mbili kilima kitakuwa chini ya lami na malori yatapita juu yake. Asipoipata, mtambo unapelekwa kilima kingine, basi. Dakta hajatia sahihi bado, si kwa sababu ana shaka, ila kwa sababu sahihi yake ina mkia mrefu na haiwekwi juu ya goti. Jiwe hili analolilalia analijua. Miaka mitatu iliyopita Bi Mkalawa, mwenzake wa idara, mwanamke mpole asiyejua kuinua sauti hata akikanyagwa, aliona ubavuni mwa jiwe hili matabaka membamba yaliyopinda yakawa vinundu, kinundu juu ya kinundu, akarudi chuoni anatetemeka. Alisema huenda zikawa alama za uhai wa kwanza kabisa: vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyojitandaza kama utelezi juu ya tope la bahari ya kina kifupi, karibu miaka bilioni tatu iliyopita, utando juu ya utando, vikilifuata jua. Alisema huenda. Dakta anawadharau watu wa huenda. Alikuja siku moja, akakaa dakika arobaini, hakumuuliza mtu kitu, akapiga picha, na kwenye mkutano mbele ya watu sitini akaonyesha kwamba vinundu vile vimetokeza kwenda chini. Kitu hai hukua kuelekea mwanga, alisema. Kinachoning'inia chini ni tope lililolemewa likazama. Halafu akamgeukia mwenzake akamuuliza, Bi Mkalawa, kwenu uhai unakua kwenda ardhini? Ukumbi ulicheka mpaka mtu akamwaga chai. Swali lile lilimpa Dakta cheo, na Bi Mkalawa sasa anafundisha jiografia kwenye sekondari moja huko Tunduru, na Dakta kila akikumbuka anaona kwamba alimsaidia.

Ko, ko, ko, zinagonga nyundo. Baridi ya jiwe inapita kwenye gazeti, inapita kwenye shati, inampanda mgongoni taratibu, na Dakta anawaza jinsi watu watano wanavyoweza kukaa siku nzima wakifanya kubwa liwe dogo na wakajiona wamefanya kazi. Na hapo, kope zikishagusana lakini akili haijaondoka, kivuli kinasimama kati yake na mwanga, na sauti ya mwanamke inasema bila haraka: Baba, samahani kukusumbua. Hilo jiwe tulilipindua sisi. Ule mwaka wa mihogo mingi wanaume walikuja na mitaimbo tukaligeuza, maana upande wa juu ulikuwa na manundu na udaga ulikuwa unaozea kwenye mashimo. Hapo limelala kifudifudi. Nimeona nikuambie kabla hamjalisaga. Dakta anasikia, ila anasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Anataka kumjibu kwamba mambo ya miamba yana wenyewe, na pengine anamjibu, pengine midomo tu ndiyo inayotikisika. Kivuli kinaondoka. Ko, ko, ko, zinaendelea nyundo, na pigo moja linakosekana, na Dakta anashuka kupitia pale pigo lilipokosekana.

Anashuka ndani ya jiwe na jiwe halimkatalii. Tabaka linampokea, linampitisha, linamkabidhi kwa tabaka lililo chini, jeupe, jeusi, jeupe, jeusi, mpaka anachoka kuhesabu, na yeye hajawahi kuchoka kuhesabu. Kisha anajikuta amesimama juu ya barabara. Ni barabara ya kokoto, imenyooka mbele mpaka macho yanakata tamaa, lakini kila akigeuka anakuta nyuma yake imepinda, na kila akigeuka tena ule mpindo umehama. Hakuna kilima, hakuna gari, hakuna Masaba wa kulaumiwa. Anatembea kwa sababu kusimama kunaonekana ni kukubali. Anatembea saa nzima au mwaka, na suruali yake inabaki na mstari wake wa pasi, jambo linalompa moyo, na kando ya barabara amekaa mwanamke amejifunga khanga usoni, anagonga kokoto. Maandishi ya khanga yake yamegeuka kama yanavyogeuka kwenye kioo. Dakta anamuuliza barabara hii inakwenda wapi. Mwanamke anafungua khanga ili ajibu, na ndani hamna uso. Kuna mahali palipo laini, tupu, kama upande wa chini wa sahani. Dakta haogopi. Anaudhika. Anawaza kwamba hata huku wamemtumia mtu asiye na sifa.

Kitendawili, anasema yule asiye na uso, na sauti haitoki mahali. Tega, unajibu mdomo wa Dakta, kwa maana mdomo wa Dakta ulilelewa na bibi yake na una adabu ambayo yeye mwenyewe hana. Mwanamke anatega: Nilijenga bila mikono, nikaishi bila macho, nikafa bila kulia, na kaburi langu ndiyo nyumba yangu. Dakta anacheka kwa pua. Anamwambia hayo ni mambo ya watoto wa chekechea, jibu ni konokono. Konokono ana macho, anasema mwanamke. Umeshindwa, nipe mji. Dakta anajua desturi. Aliyeshindwa hutoa mji, na mji hautolewi kwa kukunja uso. Lakini kuna miji mingi ambayo hajawahi kuihitaji. Anasema, chukua Shinyanga, kama mtu anayetoa koti la zamani. Na Shinyanga inakuja, inainuka pande zote mbili za barabara, nzima, na soko lake na stendi yake na minara yake ya simu, ila imesimama juu chini. Misingi iko hewani inadondosha udongo, mapaa yamechomekwa ardhini, na watu wanatembea kwa vichwa, kila mmoja amevaa suruali ya mstari wa pasi. Wanapopishana kila mmoja anamwambia mwenzake, umesimama vibaya. Wote wana mdomo wa Dakta, hata wachuuzi wa karanga, hata watoto wachanga mgongoni. Umesimama vibaya, umesimama vibaya, wanasema kwa sauti yake, na Dakta anajikuta anatikisa kichwa kukubaliana nao, kwa maana kila mmoja ana hoja. Mwanamke anainua nyundo. Ko. Mji mzima unakuwa kokoto, na barabara inarefuka mbele kwa urefu wa mji huo. Dakta anaelewa sasa barabara imejengwa kwa nini, na mbona haina mwisho, na anaendelea kuikanyaga.

Anatembea, na mwanamke yuko mbele yake bila kuinuka alipokaa, anagonga, anatega tena. Uchafu wangu ndio unaokupa pumzi, nawe unaitumia pumzi hiyo kunitukana. Dakta anafikiri, kwa sababu safari hii ameona bei yake ni nini, na anafikiri kwa haraka ya mtu asiyependa kuonekana anafikiri. Ng'ombe, anasema, samadi yake inaotesha chakula. Hapana, anasema mwanamke, na namna anavyosema hapana ndiyo namna Dakta anavyowasemea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ile ya kuwaacha na kalamu hewani. Nipe mji. Dakta anatafuta mji na kila mji anaoufikiria anaukuta umeshakuwa kokoto chini ya viatu vyake; inaelekea ameshindwa mara nyingi kuliko anavyokumbuka, barabara yote hii ni ya kwake. Umebaki Bukoba. Anautoa kwa sauti ndogo. Na Bukoba inakuja juu chini, na katika nyumba moja, kwenye ua uliokuwa dari, mama yake anaanika kahawa. Kahawa haidondoki. Mama yake ananing'inia na mkeka wake, anamwona, anamwita kwa jina la utotoni ambalo Dakta alilifuta kwenye vyeti vyote. Wale watu wa mdomo wake wamejipanga wanatazama atafanyaje. Dakta anawaambia kwamba yeye hamjui huyu bibi. Mama yake hashangai, anageuza buni kwa kiganja, upande huu, upande ule, zikauke sawasawa. Ko. Dakta anataka kulia na anaona aibu, na aibu inashinda.

Sasa miji imekwisha, anasema Dakta, tega cha tatu niondoke. Cha tatu hakitegwi, anasema yule asiye na uso. Mji wake umeshautoa. Umeutoa kabla ya kusikia kitendawili, wewe ni mtu wa kwanza ninayemwona akifanya hivyo, hata wajinga husubiri kuulizwa. Dakta anashika mfuko wa shati, anatoa barua, anaikunjua, na pale penye nafasi kuna sahihi yake, na mkia wa sahihi ni mrefu, unatoka nje ya karatasi, unashuka kwenye kokoto, unakwenda kama uzi kando ya barabara. Anaufuata kwa sababu hakuna kingine cha kufuata. Kokoto zinalainika, zinakuwa mchanga, mchanga unakuwa tope, tope linakuwa maji ya vuguvugu yanayofika kwenye vifundo. Mbingu ina rangi ya chungwa bovu. Hakuna ndege, hakuna jani, hakuna inzi, hakuna sauti yoyote isipokuwa maji yakilamba. Na mbele yake, mpaka maji yanapogusa mbingu, kuna vinundu, maelfu kwa maelfu, vimekaa kifuko kifuko, vimefunikwa na utelezi wa kijani cheusi, na vyote, kila kimoja bila kukosa, vimeinua vichwa juu kulitazama jua dogo. Dakta anavua miwani. Anavaa tena. Ni mji, wa kwanza kuliko yote, umepangwa vizuri kuliko chochote alichowahi kuona kikipangwa na mtu, na hauna meya.

Utelezi unamsemesha. Hausemi kwa maneno, ila yeye anaupata kwa maneno kwa sababu hana chombo kingine. Unasema: Huyu ndiye. Unasema: Ana mdomo upande mmoja na tundu upande wa pili na katikati ana cheti. Dakta anajitambulisha, jina, cheo, idara, na utelezi unamwacha amalize, kwa kuwa una muda. Kisha unamwambia: Sisi tulikaa hapa peke yetu muda ambao wewe ukianza kuuhesabu leo utakufa hujafika popote. Hatukuwa na macho na jua tulilijua liko wapi. Wewe una macho manne. Ile hewa unayoivuta ukajaza kifua ukamcheka mwenzako mbele ya watu sitini, ile ni choo chetu, tuliitoa kidogo kidogo mpaka dunia ikanuka hivyo, ndipo vitu kama ninyi vikapata kuota. Hatukuwataka. Mmetokea tu, kama ukungu kwenye mkate. Dakta anasema, kwa heshima aliyoikusanya kutoka pembe zote za mwili, kwamba hakuna ushahidi wa kutosha. Basi, unasema utelezi, ungesema hivyo tu tusingekuwa na neno nawe. Lakini wewe hukusema huna ushahidi. Wewe ulisema unajua.

Na pale pembeni, maji yakiwa yamelowesha gauni lake, amepiga magoti Bi Mkalawa, ameinamia kinundu kimoja na kioo chake cha kukuzia, hagusi, anatazama tu. Dakta anamwita. Hageuki. Yule, unasema utelezi, alisema huenda, na katika vitu vyote vyenye mdomo vilivyowahi kupita juu yetu hilo ndilo neno pekee la adabu tulilolisikia. Dakta anasikia wivu mkali, wivu wa kitoto, wa kutaka kupendwa na utelezi. Halafu nyuma ya vinundu kunaanza mngurumo. Mtambo unakuja, taya zake ziko wazi, unakuja juu ya barabara iliyojengwa kwa miji yake, umeletwa na uzi wa sahihi yake, unatafuna kinundu cha kwanza, cha pili, na vinasagika bila kulia, kwa kuwa ni kweli havina cha kulilia. Dakta anafungua mdomo apige kelele kwamba barua haipo, barua haikutiwa sahihi, simamisheni. Kinachotoka ni: Sina pingamizi. Anajaribu tena, taratibu, neno kwa neno kama anayefundisha. Sina pingamizi. Bi Mkalawa bado ameinama na mtambo umemfikia mgongoni, na Dakta anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote zinasema sina pingamizi. Ndipo mitaimbo inapomwingia chini ya mbavu. Wanawake wamemzunguka, nyuso zao zimefungwa, au hamna nyuso, wanahesabu moja, mbili, wanamwinua upande mmoja. Mmoja anasema, huyu tumgeuze, upande huu una manundu, hakuna kitu kitakachokaukia hapa. Tatu. Dunia inapinduka na anaanguka kifudifudi.

Bosi, anasema Masaba. Bosi, tairi tayari, ni saa tisa na robo. Dakta amelala kifudifudi juu ya jiwe, gazeti limegandia shavuni, mdomoni ana unga wa muhogo. Jua limehama na kivuli kimemwacha. Anakaa, anajipangusa, anamuuliza Masaba amefika saa ngapi, na Masaba anasema sasa hivi tu. Anamuuliza kama amemwona mtu akija hapa kumsemesha. Masaba anasema yeye alikuwa senta bosi, atamwonaje. Dakta anatoa barua mfukoni, imelowa jasho, anaikunjua. Sahihi ipo. Ina mkia wake mrefu, na wino umepenya mpaka upande wa pili wa karatasi. Kalamu iko mfukoni, kifuniko chake hakipo. Anajaribu kukumbuka lini alitia sahihi, kabla ya kulala au ndani ya kulala, na akilini anakuta barabara, na barabara ile haina alama. Kama mwanamke yule alikuja kweli, vinundu vilitazama juu, Bi Mkalawa alikuwa na haki, na yeye ni mtu aliyechekesha ukumbi kwa jiwe lililolazwa kifudifudi na waanika mihogo. Kama ni ndoto, ni ndoto, na injinia anasubiri. Jambo lenyewe ni la kuuliza tu. Wale pale, hatua thelathini. Lakini hatua zenyewe anaziona nyingi, kwa sababu tangu azaliwe Dakta Rwechungura hajawahi kumuuliza kitu mtu anayekaa chini.

Anakwenda. Wapo watano, khanga usoni, ko, ko, ko, na hakuna hata mmoja anayeinua kichwa. Nani kati yenu, anasema, alikuja pale kuniambia kitu kuhusu lile jiwe? Nyundo hazisimami. Mmoja, wa kushoto, anauliza kama anayejiuliza mwenyewe: Kwani wewe huwa unaambiwa? Wenzake wanacheka ndani ya khanga, kicheko kidogo, kilichozoea vumbi. Dakta anasikia masikio yanamuwaka moto. Kwa muda anaona afadhali arudi garini, ampe Masaba barua, aende akaoge, na hakuna mtu duniani atakayejua. Badala yake anasema wafungue nyuso awaone, na baada ya kulisema neno hilo kali anaongeza neno ambalo halijamtoka kitambo, anasema tafadhali. Basi mmoja anaweka nyundo chini na kufungua khanga. Dakta anashusha pumzi kwa sababu ndani kuna uso, uso wa mama wa miaka hamsini na kitu, vumbi limekomea kwenye mstari wa khanga, jino moja la mbele halipo. Mimi naitwa Mama Nyangeta, anasema. Ulipokuja kupiga picha mwaka ule nilikuwa naanika udaga hapo juu, ukanisogeza kwa mkono, ukasema nakuziba mwanga. Haya, leo sikuzibi. Nitazame vizuri uniambie wewe: ni mimi niliyekujia pale, au si mimi?

Dakta anatazama. Anatazama jino ambalo halipo, anatazama kope nyeupe kwa vumbi, anatafuta kichwani mwake sura ya kulinganisha na hii, na hakuna. Miaka mitatu iliyopita aliona mkono na khanga tu, akavisogeza. Leo amefumba macho kwa sababu kilicho mbele yake hakikustahili. Angekuwa amemtazama mara moja tu, nusu dakika, kama anavyotazama jiwe la kawaida, sasa angejua kama alikuwa amelala au yuko macho. Mama Nyangeta anajifunga khanga yake na kuchukua nyundo, na akishajifunga tu Dakta hajui tena ni yupi kati ya watano.

Masaba anaita kwamba saa kumi kasoro ishirini. Dakta anarudi mpaka kwenye jiwe. Kuna njia moja ya kujua isiyopitia kwa mtu yeyote, na anaijua tangu mwaka wa kwanza chuoni, na angeweza kuifuata zile dakika arobaini kama asingekuwa anaitunza suruali. Jiwe lililokaa juani kwa karne nyingi lina ngozi, ngumu, ya kahawia, yenye vishimo. Upande unaolala ardhini hauna ngozi hiyo. Kwenye kona ya mashariki mvua imechimba uwazi, mkono unaweza kupita. Anapiga magoti. Hafiki. Analala kifudifudi kwenye vumbi na vinyesi vya mbuzi, shavu chini, suruali na shati na cheo, anaingiza mkono mpaka begani, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nyundo zote tano zinanyamaza. Vidole vinagusa manundu. Anayapapasa kama kipofu. Juu ya manundu kuna ngozi, kavu, ngumu, imeungua kwa jua ambalo halijafika huko chini tangu ule mwaka wa mihogo mingi, na kwenye mashimo kati ya nundu na nundu kuna kitu kingine, chembamba, cha baridi, chenye utelezi, na hicho hakumbuki kukisoma popote.

Bosi, anasema Masaba, nimpelekee injinia hiyo barua? Dakta anaitoa mfukoni kwa mkono ulio huru na kuikunjakunja kwenye vumbi mpaka inachanika. Mwambie hakuna barua, anasema, na anatega sikio kwa hofu kusikia mdomo wake umesema nini. Hatua za Masaba zinaondoka, mlango wa gari unafungwa, injini inawaka, na kutoka alipolala hawezi kuona gari linaelekea wapi. Wanawake wamekuja wamesimama kumzunguka. Anaona miguu tu, miguu kumi ya vumbi. Wanacheka, si sana. Kitendawili, anasema mmoja wao kutoka juu, na Dakta, shavu ardhini na mkono ndani ya jiwe, hageuki kutazama kama ana uso. Tega, anasema.